Gigabaiti Sabini na Nne za Mama Shiko

Jumamosi, Kaloleni, Nairobi. Rasharasha tangu alfajiri, matope hadi mlangoni, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Kesho kutwa asubuhi Mama Shiko anaingia mahakamani Makadara kueleza kwamba alikuwa mke wa mume wake. Nimeisoma tena hiyo sentensi na bado inaniuma. Waliishi pamoja, wakajenga nyumba kule Njiru chumba baada ya chumba, wakamzaa Shiko, mume akaugua, akamuuguza, akamzika. Sasa ukoo wa marehemu unasema hapakuwa na ndoa, huyu alikuwa rafiki tu, nyumba irudi kwa wenyewe. Baba mdogo wa marehemu, Mzee Kamande, ameapa kwa maandishi kwamba hajawahi kukanyaga kwa kina Mama Shiko, Kangema, kupeleka mbuzi wala neno.

Alikanyaga. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kamera.

Shida ni kwamba video tuliyowapa wateja haimwonyeshi. Ni nyimbo, mavazi, chakula, keki, mama mkwe akicheza hadi kilemba kinaanguka. Mazungumzo ya wazee juu ya mahari, ruracio yenyewe, tuliyaondoa yote. Kila mpiga video wa Eastlands hufanya hivyo. Hakuna bibi harusi anayetaka kuwaonyesha wageni sebuleni saa mbili za wazee wakibishania mbuzi. Mzee Kamande alibishana sana siku hiyo, kwa hivyo ndiye aliyekatwa kuliko wote.

Wakili wa Mama Shiko alisema wazi: leteni picha ghafi, zile za kamera kabla ya kuguswa. Bila hizo ni neno la mjane dhidi ya neno la ukoo mzima.

Na picha ghafi zilikuwa kwa Kevo.

Kevo ni mwenzangu wa zamani. Tulianza biashara pamoja, mimi nikibeba kamera na taa, yeye akibeba mdomo. Akaunti ya kuhifadhi kazi yetu mtandaoni ilifunguliwa kwa jina lake kwa sababu siku ile simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Sababu ndogo hivyo. Miaka yote nimepiga, nimehariri, nimepakia, na mwenye akaunti ni yeye. Mwaka jana akapata kampuni za kurekodi mikutano ya watu wenye tai, akahama, akanawa mikono. Wiki hii akanitumia ujumbe wa sauti kunipa hadi leo, Jumamosi: "Njeri, niaje. Ile account nafunga Sato, saa kumi na mbili jioni inakufa. Chukua vitu zako. Si unaelewa."

Vitu zangu.

Nilipiga simu kumwomba aiache hadi Jumatatu tu. Haikushikwa. Nikaandika ujumbe, ukaonyesha umesomwa. Sikuandika wa pili.

Kuanzia Jumatatu iliyopita nimekuwa nikipakua. Kazi ndogo ndogo zilikuja vizuri. Faili moja niliiogopa nikaiacha mwisho: shughuli ya Kangema, kila kamera, kila sauti, imefungwa pamoja kama gunia moja. Gigabaiti sabini na nne. Jana nilijaribu kuipakua kwa kivinjari, ikaganda ikiwa haijafika hata tano, na nilipoianzisha tena ikaanza kwenye sifuri. Hapo nikajua ni kazi ya terminali, lile dirisha la kuandika amri.

Nieleze mitambo yangu kwa anayesoma, kwa sababu humu ndimo siku ilimoharibikia.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, ina Linux, na diski yake ni ndogo. Jana ilikuwa na nafasi ya gigabaiti thelathini na nane. Faili ya sabini na nne haiingii humo hata ukiikunja. Kwa hivyo kazi zangu zote hukaa kwenye sanduku la diski lililounganishwa na ruta kwa waya. Nimeliita ghala. Lina nafasi karibu terabaiti tatu. Kompyuta ikiwaka hulipachika ghala kwenye folda moja, nami nikiweka kitu katika folda hiyo, kinapita kwenye waya na kulala ghalani.

Ruta na ghala haviko chumbani kwangu. Viko sebuleni kwa Mama Nekesa, mwenye nyumba, maana intaneti iliingilia huko, na mimi nimepanga chumba cha nyuma uani. Waya unapita dirishani. Si mpango wa kujivunia, lakini umenilisha.

Jambo lingine. Hapa kwetu stima hukatika bila salamu, na ikirudi, ghala huchelewa kuamka kuliko kompyuta. Zamani kompyuta ilikuwa inaganda ikilisubiri. Nikachoka, nikaiandikia katika faili ya mipangilio neno moja, nofail. Maana yake: ukilikosa ghala, endelea na kazi, usinisumbue.

Ikatii.

Leo nimewasha kompyuta kabla ya saa mbili asubuhi. Nikaingia katika folda ya ghala, nikapiga wget, amri ya kupakua, na alama ya c, ile ambayo ikikatika njiani huendelea ilipoachia. Kasi ikatulia kwenye megabaiti tatu kwa sekunde. Nikapiga hesabu kwa kichwa: elfu sabini na nne gawanya kwa tatu, karibu saa saba. Saa tisa alasiri tumemaliza. Mama Shiko alikuja na chapati ndani ya kitambaa, akaketi kitandani, akaiangalia ile namba ikipanda kama mtu anayengoja mgonjwa atoke chumba cha upasuaji.

"Hiyo ndiyo Kangema?" akauliza.

"Hiyo ndiyo Kangema."

"Inapanda polepole kama gari ya kwenda huko."

Saa tano u nusu ikasimama. Kwenye skrini: hakuna nafasi iliyobaki.

Nilisoma mara mbili. Nafasi gani hakuna? Ghala lina terabaiti karibu tatu. Faili ilikuwa imefika thelathini na nane tu. Nikafungua ukurasa wa ghala kwa simu, nikaona kwa macho yangu: nafasi ipo, tele, diski nzima, joto la kawaida.

Ghala linasema lina nafasi. Kompyuta inasema halina. Mmoja anadanganya.

Nilianza kushuku kila mtu. Labda diski imeumbwa kwa mtindo ule wa zamani usiokubali faili kubwa; lakini ule hukatalia gigabaiti nne, si thelathini na nane. Labda niliwahi kuwekea folda kikomo nikasahau, nikaangalia, hakuna. Labda Kevo ameminya kitu kwake. Huyo nilimshuku kwa muda mrefu kuliko alivyostahili, na sijutii.

Halafu nikafanya kile mtu hufanya akili ikichoka. Nikazima kompyuta, nikaiwasha tena.

Ilipoamka ghala lilikuwepo, folda zote zimejipanga, harusi za watu, mazishi ya watu. Kangema haikuwepo. Hata kipande. Nikatafuta kwa jina, nikatafuta kwa ukubwa. Hakuna.

Mama Shiko aliona uso wangu akaanza kukunja kile kitambaa cha chapati, anakikunja, anakikunjua.

Nikaanza upya, kutoka sifuri. Namba zikaanza kupanda na nikapiga hesabu ambayo sikutaka kuipiga: ukianza adhuhuri ikiwa imepita, saa saba zinaisha jua limezama. Akaunti inakufa saa kumi na mbili. Tungepungukiwa na gigabaiti kumi au zaidi, na gunia lililofungwa hivyo ukilikosa mwisho wake ni vigumu kulifungua hata mwanzo.

Nilitaka kumwambia Mama Shiko aende nyumbani.

Ni kompyuta iliyonizuia. Ilikuwa inalalamika pembeni ya skrini, ujumbe mdogo wa manjano: diski yako imejaa. Si ghala. Diski yake yenyewe, ile ndogo. Nikakasirika kwanza, nikasema kwani na wewe una nini leo. Kisha nikasimama hapo hapo.

Jana diski hiyo ilikuwa na nafasi thelathini na nane. Leo haina hata moja. Na mimi sijaweka kitu.

Thelathini na nane imepotea huku. Thelathini na nane imeliwa kule.

Mimi sikusoma kompyuta chuoni, lakini namba mbili zikifanana hivyo huniambii ni bahati.

Nikakata ule upakuaji mpya. Nikalichomoa ghala kutoka kwenye folda yake, nikaangalia folda ikiwa tupu. Haikuwa tupu. Kangema ilikuwa imelala mle, gigabaiti thelathini na nane, nzima.

Asubuhi nilipowasha kompyuta, ghala halikuwepo. Kompyuta ikafuata amri yangu, ikaendelea bila kunisumbua. Folda ya ghala ikabaki folda ya kawaida tu ndani ya diski ndogo, nami nikamimina faili kubwa humo nikidhani inapita kwenye waya. Diski ikajaa, ikagoma. Nilipowasha tena, ghala lilikuwa limerudi, likapachikwa juu ya folda ile ile, likafunika kila kilichokuwa chini. Ni kama kutandika zulia juu ya nguo zilizomwagwa sakafuni. Nguo hazijaenda popote. Huzioni tu.

Lakini asubuhi ghala lilikuwa wapi? Stima haikukatika. Nikavuka ua na matope yake hadi sebuleni.

"Mama, shikamoo. Kuna mtu aligusa sanduku langu leo asubuhi?"

"Marahaba. Nani aguse?" Mama Nekesa alikuwa anachambua mchele. "Ni mimi tu nilitoa plagi kidogo. Akina mama wa fellowship walikuja saa moja na lile birika kubwa la stima, na soketi nyingine zina ruta na runinga. Nikalipumzisha. Maskini, hilo sanduku lako halilali usiku wala mchana."

"Mama, hilo halifai kulala."

"Kila kitu hulala, mwanangu. Marehemu mzee alifanya railway maisha yake yote, na alikuwa anasema hata treni hulala."

"Ulirudisha lini?"

"Tulipomaliza chai. Kwani limeharibika?"

Soketi ni yake, sebule ni yake, intaneti inaingilia dirisha lake. Na alikuwa amelionea huruma.

"Halijaharibika, Mama. Lakini leo hadi jioni tafadhali lisilale."

Ilikuwa imekaribia saa saba. Nikapachika ghala kwenye folda nyingine, mpya, nikaanza kukipeleka kile kipande huko. Sikukihamisha, nilikinakili, ili kikifa njiani niwe na kingine. Ruta yangu ni ya zamani, waya unapitisha kidogo kuliko unavyopaswa, na kazi hiyo peke yake ikala karibu saa nzima. Niliwaza ujanja wa kupakua nusu ya pili pembeni wakati huo huo kisha niziunganishe. Nikauacha. Leo haikuwa siku ya ujanja.

Saa nane. Nikaingia katika folda mpya, nikathibitisha kwa df, amri ya kupima nafasi, kwamba ninapoandika ni ghalani kweli. Nikathibitisha tena. Wget, alama ya c.

Ikasema imeona thelathini na nane, inaendelea kutoka hapo.

Nilikaa chini kwenye sakafu.

Zilibaki thelathini na sita. Kwa kasi ya tatu, kama saa kumi na moja na dakika ishirini tungekuwa tumemaliza. Nikamtuma Mama Shiko akakae sebuleni karibu na soketi. Yeye ni fundi wa kushona sare za shule, mwanamke wa kuketi sehemu moja mchana kutwa bila kuchoka. Nilimwambia asimruhusu mtu yeyote kuigusa.

Ukuta ni mwembamba na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya waya, kwa hivyo nilisikia yote.

"Hebu sogea kidogo mama, nipige pasi nguo yangu ya kesho."

"Hii soketi leo ni ya mahakama."

"Ya mahakama? Kwangu?"

"Hadi saa kumi na mbili tu."

"Kwa hivyo niende kanisani na makunyanzi?"

"Mungu anakujua na makunyanzi yako, Mama Nekesa."

Nikasema basi, kesho nahamishwa. Halafu nikawasikia wakicheka, wote wawili, kicheko kile cha wanawake waliozika waume. Chai ikapikwa. Kwa jiko la gesi.

Saa kumi u nusu kasi ikaanguka. Tatu, mbili, moja na nusu. Ikakaa hapo. Zilikuwa zimebaki gigabaiti tisa. Elfu tisa gawanya kwa moja na nusu ni sekunde elfu sita, ni dakika mia moja. Nilikuwa na tisini.

Dakika kumi za kupungukiwa, baada ya yote hayo.

Nilitoka mbio nikateleza kwenye matope, nikaingia sebuleni na goti limechafuka. Runinga ya Mama Nekesa ilikuwa imewaka, mhubiri na kwaya yake, picha safi ajabu, inavutwa kutoka mtandaoni kupitia ruta yetu. Mama Shiko amekaa chini ya soketi kama askari wa benki, na anayeiba anapita mbele ya macho yake akiimba.

"Hujanikataza runinga," akasema. Kweli sikuwa nimemkataza.

Mama Nekesa alinitazama, akatazama goti langu, akachukua rimoti akazima. "Atahubiri tena kesho," akasema. "Huyo hachoki."

Kasi ikarudi tatu. Sikurudi kukaa. Nilisimama mbele ya skrini hadi mwisho, na mwisho wenyewe ulikuja bila kelele: mstari mmoja, imehifadhiwa. Ilikuwa imebaki kama nusu saa. Nikalinganisha ukubwa na ule wa kwa Kevo, tarakimu kwa tarakimu, ukafanana. Nikaamuru gunia lijipime, likajipima polepole sana, likasema hakuna kosa.

Saa kumi na mbili ilipopita nilifungua ule ukurasa wa Kevo, sijui kwa nini. Ukasema haupo.

Tuliitazama Kangema pamoja, mimi na Mama Shiko, tumebanana kwenye kitanda. Mzee Kamande yupo. Amevaa koti la kijivu, ana kofia, amesimama katikati ya hema la Kangema, sauti yake inasikika vizuri kuliko ya mtu mwingine yeyote. Anasema ametumwa na ukoo. Anasema wamekuja kwa ajili ya msichana wa nyumba hii. Mzee wa upande wa pili anamwonyesha mbuzi mmoja, anamuuliza kama huyo ni mbuzi au ni paka. Kamande anasema ni mbuzi mnene kabisa, ila safari imemchosha. Watu wanacheka. Anabishana juu ya mbuzi huyo hadi nikakumbuka mkono wangu ulivyokuwa unauma chini ya kamera.

Mama Shiko hakuwa anamtazama. Kushoto mwa picha, mbali, mume wake amekaa na kikombe cha plastiki mkononi, anazuia kucheka. Aliniomba nisimamishe hapo. Nikasimamisha, nikatoka nje kidogo.

Niliporudi tuliendelea. Na karibu na mwisho Kamande anasema neno ambalo nilikuwa nimelisahau. Anasema wale mbuzi waliobaki ukoo utawaleta siku nyingine.

Hawakuwaleta. Mume aliugua kabla.

Mama Shiko akauliza kwa sauti ndogo, "Hapo si unaweza kukata?"

Naweza. Ni kazi yangu, ni dakika mbili, hakuna ambaye angejua kwa macho. Wakili wa ukoo atasema mahari haikukamilika. Na Mkikuyu yeyote atakwambia mahari haikamiliki, hulipwa hadi wajukuu, lakini sijui hakimu wa Jumatatu ametoka wapi wala amezoea nini. Neno hilo moja linaweza kuila nyumba ya Njiru.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia nikikata hapo, wakili wa Kamande atauliza nimekata wapi kwingine, na mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama pale kizimbani kuulizwa. Nitasema nini? Ikishaguswa mara moja, hata yule mbuzi mchovu hatasaidia.

Hakukubali haraka. Alivaa viatu vyake mlangoni, akavifunga kamba taratibu. "Haya," akasema. "Yote, basi." Sikujua kama amekubali au amechoka, na aliondoka kabla sijauliza.

Usiku huu nimelifuta lile neno nofail. Afadhali kompyuta igande na nijue. Nimeifunga pia folda tupu isipokee kitu ghala likiwa halipo. Kesho Mama Nekesa akitoka kanisani nitamwomba ruhusa ya kutoboa ukuta, ghala nilihamishie chumbani kwangu na plagi yake.

Je, nimemfanyia Mama Shiko mema leo, au nimembebea Kamande silaha hadi Makadara kwa mikono yangu? Nimejiuliza tangu aondoke.

Nitanakili yote, mara mbili. Saa mbili za wazee, bila kukata hata sekunde. Hakimu akichoka na mbuzi, na achoke.